Uzi wa granola ya nyumbani: korosho, nazi, embe na iliki (wasio na oveni nao wamo)

Kibao cha Mbuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya granola yamekuwa yakinijia inboksi kila mara, nimeona bora tuyamalize hapa hadharani kila mtu afaidike. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: ni oti (nafaka ya oats) zilizochanganywa na korosho au karanga, mbegu, mafuta na asali, zikaokwa mpaka zikakauka na kulia zikitafunwa, halafu zikatiwa matunda makavu. Asubuhi unamimina mtindi au maziwa, basi. Asili yake ni Marekani, karne ya 19. Dkt. John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, alikuwa anawalisha wagonjwa wake nafaka zilizookwa zikavunjwavunjwa, na ndiye aliyezipa jina hilo. Tunayokula leo ni kitu kingine kabisa, tena kitamu.

Ya dukani bei yake inauma. Na kinachoniudhi zaidi ni korosho. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara, Lindi na Ruvuma inasafirishwa ikiwa na ganda kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Ukiikuta ndani ya pakiti ya granola ya nje, huenda unailipia nauli ya kwenda na kurudi. Ukiacha oti, kila kitu kinachohitajika kiko sokoni kwenu.

Sasa jambo linaloamua kama granola yako itatoka au haitatoka ni moja: maji. Nyama ya nazi mbichi karibu nusu yake ni maji. Embe bivu na nanasi ni zaidi ya asilimia 80. Na sisi wa Dar, Tanga, Unguja na Mombasa hata hewa tunayovuta imelowa. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa kavu, ndiyo maana unayafuata neno kwa neno na baada ya siku tatu kopo lako limejaa kitu laini cha kuvutika. Kila hatua ninayoandika hapa chini shabaha yake ni kuyatoa maji na kuyazuia yasirudi.

Vipimo, kikombe kimoja hichohicho kwa vyote:

– oti vikombe 3
– korosho kikombe 1
– nazi iliyokaushwa kikombe 1
– ufuta robo kikombe, mbegu za maboga robo kikombe
– mafuta robo kikombe
– asali theluthi ya kikombe
– chumvi nusu kijiko cha chai (usiiruke, bila chumvi utamu unakuwa wa kipumbavu)
– iliki punje 8 zimenywe na kutwangwa, tangawizi ya unga kijiko 1 cha chai, mdalasini nusu kijiko
– embe kavu na nanasi kavu, jumla kikombe 1

Oti chukua zile za punje nzima zilizobanwa bapa. Zile za kuiva dakika moja zimekatwa vidogo mno, zikikutana na asali zinashikana kama uji ulioganda. Korosho nunua zilizobanguliwa ila hazijakaangwa. Zilizovunjika ni nafuu kuliko nzima, na hapa utazikata tu, kwa hiyo nzima za nini? Nusa kabla ya kulipa. Korosho iliyochacha ina harufu ya rangi ya mafuta, na hakuna iliki itakayoificha.

Oveni nyuzi 150. Si 180. Asali inaungua mapema kuliko sukari ya kawaida, ukiwasha moto mkali utapata nje nyeusi na ndani mbichi. Pasha asali na mafuta pamoja na viungo mpaka vilegee, mimina juu ya oti, korosho, mbegu na chumvi, changanya kwa mkono hadi usione oti kavu hata moja. Tandaza kwenye trei, isizidi unene wa kidole. Ikiwa nene, mvuke unakosa pa kutokea na unakuwa umeipika kwa mvuke badala ya kuioka. Baada ya dakika 15 igeuze, hasa kingo, maana kingo ndizo zinazoanza kubadilika rangi. Hapo ndipo unapotia nazi. Ukiitia mwanzo itaungua kabla korosho hazijaiva. Rudisha dakika nyingine 10 hadi 15.

Hapa ndipo wengi wanapochemka: ikitoka ni laini. Lazima iwe laini, asali ikiwa ya moto haigandi. Watu wanaona laini wanairudisha, wanaiunguza. Chukua kijiko kimoja, weka kwenye sahani baridi, subiri dakika mbili, tafuna. Ikilia, imeiva. Aliyewahi kupika kashata anaijua hii, ndiyo sayansi ileile ya shira.

Iache ipoe kwenye trei bila kuigusa kama unataka mabonge. Anayetaka mabonge makubwa zaidi apige ute wa yai moja hadi utoe povu, auchanganye kabla ya kuoka. Ikishapoa kabisa, kabisa, ndipo utie embe na nanasi, kisha kopo la kioo lenye mfuniko unaobana. Ikifungwa ingali vuguvugu, mvuke utaganda kwenye kioo na kazi yote imekwenda na maji.

Karibuni.

---

Chai ya Saa Nne

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho kwa heshima. Lakini hiki ni chakula cha ndege. Mimi saa nne asubuhi bila mihogo na kachumbari, au chapati mbili na maharage, mkono haushiki kazi.

---

Kibao cha Mbuzi

Hahaha, hakuna aliyekunyang'anya mihogo yako kaka. Hii ni ya yule anayetoka nyumbani saa kumi na moja kukimbizana na daladala na hana nafasi ya kuinjika chochote.

---

Bint Pangani

Kaka, hapo kwenye nazi umepita haraka sana. Nazi iliyokaushwa ni ipi? Sisi huku nazi ni mbichi, ya kukuna. Zile za pakiti sizinunui wakati mnazi uko uani.

---

Kibao cha Mbuzi

Dada yangu, una haki. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni machicha. Kuna nazi, kamua tui lako la mchuzi kama kawaida, tena kamua mpaka la mwisho, halafu machicha usiwatupie kuku. Yatandaze kwenye sinia, jua kali la siku moja au mbili, au yapitishe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku unakoroga hadi yasishikane tena vidoleni. Yameshatoa mafuta yake mengi kwenye tui, kwa hiyo ladha ni nyepesi na yanaungua haraka. Yatie dakika 5 za mwisho tu, na ongeza kijiko kimoja cha mafuta kwenye mchanganyiko.

Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi: usikune. Toa nyama ya nazi kwenye kifuu, menya ile ngozi ya kahawia ukitaka, kisha parua vipande vyembamba kwa kisu kikali au kile kimenyeo cha karoti. Vinatoka kama vipande vya mshumaa vilivyojikunja. Vioke peke yake nyuzi 120 mpaka kingo zianze kuwa za dhahabu na katikati kubaki nyeupe. Ukikunja kimoja kikavunjika, tayari. Kikipinda, bado kina maji. Nazi iwe iliyokomaa, ukiitikisa maji yawe machache yanacheza ndani. Dafu halifai hata kidogo hapa.

---

Mtungi Mdogo

Wakuu na sisi wenye jiko la gesi la sahani mbili tufanyeje? Oveni naiona kwenye TV.

---

Fundi Makaa

Mtungi, njia ya gesi ni kikaango kizito, moto mdogo kabisa. Kaanga korosho kavu kwanza, zikianza kunukia tia oti na mbegu, koroga dakika 8 hadi 10 bila kuondoka. Epua, weka pembeni. Kwenye kikaango hichohicho tia mafuta, asali, chumvi na viungo, viache vichemke mpaka viwe na povu dogodogo, dakika mbili hivi. Rudisha vyote pamoja na nazi, geuzageuza dakika 4 au 5, mwaga kwenye sinia na utandaze. Mabonge hayatakuwa mengi lakini ladha iko palepale. Ukipokea simu umeiunguza.

Ila mimi naikubali ya mkaa, ile ya moto juu na chini wanayookea keki mama zetu. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, juu yake sufuria pana ndogo yenye granola yako, funika kwa sinia la bati. Makaa machache chini, mengi juu ya sinia. Uwiano huo ndio siri, ukijaza chini unapata majivu. Tofauti na keki, hii kila dakika 7 au 8 funua uigeuze, na kufunua huko ndiko kunakotoa mvuke. Na sufuria likifunikwa gubigubi muda wote granola haikauki hata ikae saa nzima.

---

Kibao cha Mbuzi

Fundi Makaa umemaliza. Naongezea kitu kimoja tu: sinia la juu liegemeze kwenye kijiti upande mmoja, kiache mwanya mdogo wa mvuke.

---

Mwana wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Mie suala la embe ndilo linalonishughulisha. Madukani embe kavu ni ghali, na zile nyingine zimetiwa sukari hadi hujui unakula nini. Sisi hapa hukausha wenyewe, na wakati wake ni kaskazi. Mola amepanga vizuri, msimu mkubwa wa maembe na upepo mkavu wa kaskazi huja pamoja, Disemba hadi Februari. Ukingoja masika huwezi kukausha hata kitambaa.

Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Boribo, ngowe au dodo ni sawa. Yale madogo ya nyuzinyuzi yaacheni kwa sharubati. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, vyote sawa, visipishane, kwani vyembamba vitakauka navyo vinene vitaoza. Vipitishe kwenye maji ya ndimu visiwe vyeusi. Panga juu ya wavu uliotundikwa, hewa ipite juu na chini, funika kwa neti ya mbu safi. Magharibi ingiza ndani, umande wa usiku hurudisha maji yote uliyoyatoa mchana. Siku mbili tatu za jua zuri. Kipande kikiwa tayari hupinda bila kuvunjika na ukikibana hakitoi unyevu. Kilo moja ya nyama ya embe hukupa kama gramu 200 tu, kwa hivyo usishangae bei za wauzaji.

Nanasi ni vivyo hivyo, ila toa ule moyo wa katikati na ukate vyembamba zaidi, maana nanasi hukaa likinata muda mrefu.

Na mie granola hii naila kwa maziwa lala. Mahamri na mbaazi ni Jumapili.

---

Chai ya Saa Nne

Mbaazi za nazi na mahamri! Mwana wa Likoni wewe ndiye umekuja na hoja.

---

Kibao cha Mbuzi

Shukrani sana ndugu wa Mombasa. Nyongeza kwa wanaopenda nanasi au papai bichi lisilokaushwa: litie bakulini wakati wa kula, si usiku. Matunda hayo mawili yana vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, ukiyalaza kwenye mtindi hadi asubuhi utakuta uchungu. Pasheni halina shida hiyo, na kijiko cha pasheni juu ya granola yenye nazi ni kitu cha kutoa machozi.

---

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuona vijana wanapika. Lakini msinyamazie mengine.

Kwanza, hiki si chakula cha kujaza bakuli la wali. Gramu 100 za granola zina kalori kama 450 hadi 500. Nusu kikombe cha chai kinatosha mtu mzima, kilichobaki jaza mtindi na tunda.

Pili, asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ya kuokwa, hata tone. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wake mchanga. Na granola yenyewe kwa watoto wadogo ni hatari ya kupaliwa, korosho nzima usiseme.

Tatu, wale mtakaobadilisha korosho mkatia karanga: zichambueni. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, tupeni. Sumukuvu haiishi kwa kukaanga.

Nne, mwanzisha uzi hukusema mafuta gani. Kama ni ya nazi, zaidi ya asilimia 80 yake ni yale mafuta yanayoganda, yanayopandisha lehemu (kolesteroli). Mwenye shinikizo na kisukari afikiri mara mbili, na hiyo asali nayo ni sukari tu, msidanganyane kwamba ni dawa.

---

Kibao cha Mbuzi

Shikamoo mama. Nakubali yote, ila kwenye asali naomba nijitetee kidogo. Vipimo nilivyotoa vinatoa karibu bakuli 17 za gramu 50. Ukigawa ile theluthi ya kikombe, kila bakuli linapata asali kama kijiko kimoja cha chai. Kuna watu wanatia vitatu vya sukari kwenye chai ya asubuhi na andazi juu. Mafuta, ndiyo, natumia ya nazi kwa ajili ya harufu. Ya alizeti yanafanya kazi vilevile.

---

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hesabu yako ni nzuri kama kweli unakula gramu 50. Pima siku moja kwenye mizani uone mkono wako unamwaga ngapi. Na embe kavu nalo lina sukari yake, hukulihesabu. Mwenye kisukari apunguze asali nusu, aongeze mdalasini, asiweke matunda makavu bali vipande vya embe bichi kidogo wakati wa kula. Oti zenyewe sina ugomvi nazo, zile nyuzinyuzi zake zinasaidia kushusha lehemu.

---

Mtungi Mdogo

Sasa mama nesi, embe bichi na mtindi si tutarudi kwenye kachumbari ya Chai ya Saa Nne?

---

Sukuma Damu

Jamani msitusahau wa kanda ya ziwa. Nazi huku ni mgeni na korosho ni za kuhonga. Mimi natumia karanga, ufuta, na badala ya embe natia matobolwa. Wasiojua: viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa vipande, vinaanikwa mpaka viwe vigumu. Michembe ni ile inayoanikwa mbichi, hiyo usitie, utavunja jino. Utamu wa matobolwa kwenye mtindi wa moto wa jua… basi tu. Swali langu ni ugumu. Vinabaki vigumu mpaka nimalize bakuli.

---

Kibao cha Mbuzi

Ndugu hii sikuwahi kuifikiria, na nimeipenda mno. Vikate viwe saizi ya punje ya hindi, halafu usivitie kwenye kopo la granola. Viweke kikombe chake, na usiku vilaze kwenye mtindi peke yake. Asubuhi ndipo unamwaga granola juu. Hivyo kiazi kinalainika na granola inabaki ikilia. Na kwa karanga punguza mafuta kidogo, iliki iondoe, weka tangawizi zaidi.

---

Mkaazi Ruwi

Nawasalimu kutoka Muscat. Huku kwetu tende hazikosi nyumba. Nasaga tende laini na maji kidogo ya moto, natia badala ya asali. Tatizo haikauki vizuri, inabaki kama ina unyevu katikati.

---

Kibao cha Mbuzi

Mwalimu, ni yale maji ya kusagia. Uji wa tende hauwi shira, unabaki na maji. Shusha oveni hadi 130, ongeza dakika 15, tandaza nyembamba zaidi na geuza mara nyingi. Au tumia ile asali ya tende, dibsi, ambayo huko kwenu inauzwa kila duka. Hiyo imeshapunguzwa maji, pima sawa na asali ya nyuki. Mtu wa ndizi mbivu iliyopondwa naye afuate maelezo hayohayo.

---

Bint Pangani

Nimepika kwa vipande vya kuparua. Nyumba nzima ilinukia hadi jirani akaja kuuliza tunaoka nini. Ila jana mvua imenyesha kutwa, na leo nimeona imeanza kulegea. Nimwage?

---

Kibao cha Mbuzi

Usimwage! Chambua vipande vya embe utoe, itandaze kwenye trei, nyuzi 120 dakika 10, au kikaango moto mdogo. Ipoe, rudisha embe, funga. Itarudi kama jana. Kisha gawa kwenye makopo madogo mawili matatu, moja ndilo la kufunguafungua. Kila ukifungua kopo kubwa masika hii unaingiza bahari ndani. Kwa Pwani mimi sipiki ya zaidi ya wiki mbili. Ikikaa muda mrefu korosho ndizo zinazoanza kuchacha, utaisikia puani kabla ya mdomoni.

---

Mama Vifungashio

Nimefuatilia uzi kimya kimya. Anayetaka kuuza je? Nina wateja ofisini tayari wananiulizia.

---

Fundi Makaa

Mama, kuwapelekea wenzako wa ofisini ni jambo moja, kuweka rafu ya duka ni jingine. Kwa Tanzania, tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS (Shirika la Viwango), ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa imebaki na dawa na vifaa tiba. Kabla hujaenda huko pita SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani kwako, wana mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo na watakuelekeza mpangilio wa jiko unaokubalika. Kwenye lebo andika wazi kuna korosho, ufuta na yai kama umetia. Kuna watu mzio wa korosho unawalaza hospitali.

---

Kibao cha Mbuzi

Na mfuko, mama, usichukue ule wa plastiki mwepesi unaoonesha ndani. Ni mzuri kwa macho lakini unyevu unapita polepole, na mwanga unachachisha korosho. Chukua ile ya karatasi yenye utando wa foili ndani na zipu juu, ya robo kilo. Ya nusu kilo mteja wa Dar hawezi kuimaliza ikiwa bado inalia.